Jinsi ya kuanzisha kokasi ya wabunge wa vyama mbalimbali katika Bunge la jimbo

Kila Bunge jipya likianza kazi, maswali ni yale yale. Nikikaa meza moja na watu wa chama kingine, nitapoteza kiti? Ruhusa ya kokasi inatoka kwa nani? Tunaweza kutia sahihi kwa jina la kokasi? Maji na fotokopi analipa nani? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mbunge wa jimbo la Haut-Katanga, hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwa msaidizi wake ambaye mara nyingi ndiye atakayebeba kazi yenyewe. Wenzetu wa majimbo mengine watakuta hatua karibu zote zinawafaa, maana Katiba ni moja.

Tuelewane kwanza juu ya neno. Kokasi tunayoisema hapa ni wabunge wachache wa vyama tofauti wanaokutana kwa hiari juu ya jambo moja. Kundi la wabunge ni kitu kingine: hilo linaundwa na chama au muungano wa vyama, na kanuni za ndani zinalitambua. Tume ya kudumu nayo ni kitu kingine. Kokasi haina bajeti wala haipigi kura. Nguvu yake ni kwamba swali likiulizwa na mtu wa Union sacrée (muungano unaotawala) pamoja na mtu wa upinzani, hakuna waziri atakayelifuta kwa kusema "hao ni wapinzani tu".

Kuhusu kiti: kifungu cha 110 cha Katiba ya 2006 kinasema mbunge anayeacha chama chake kwa makusudi katikati ya muhula anahesabika amekiacha pia kiti alichokipata kupitia chama hicho, na kifungu cha 197 kinaifanya kanuni hiyo iwahusu wabunge wa majimbo. Kuingia kokasi si kuacha chama. Hatari iko kwenye karatasi na maneno yanayofanana na kuacha chama: tangazo linalosema "sisi hatuna tena chama", picha chini ya bendera ya chama kingine, sahihi kwenye tamko la muungano mwingine. Epuka hayo matatu na kiti chako hakiguswi kwa sababu ya kokasi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kanuni za ndani za Bunge la jimbo, toleo linalotumika sasa, nakala kamili. Picha tatu za kurasa zilizotumwa WhatsApp hazitoshi.
- Katiba, pamoja na sheria namba 08/012 ya tarehe 31 Julai 2008 juu ya uendeshaji huru wa majimbo.
- Orodha ya wabunge wote, na kwa kila mmoja: chama, eneo alikochaguliwa, tume yake, simu, jina la msaidizi.
- Daftari moja lenye jalada gumu. Karatasi za kuchomoa hupotea.
- Mwandishi mmoja asiye mbunge, anayejua kuandika taarifa fupi na kunyamaza.
- Chumba kisicho ofisi ya chama wala sebule ya mbunge. Chumba cha tume ndani ya jengo la Bunge ni bora. Chumba cha parokia au cha chuo kinafaa pia.

Hatua ya 1. Chagua jambo moja, liwe dogo, na awepo mtu wa kuulizwa

Hapa ndipo kokasi nyingi hufia, miezi kabla wenyewe hawajagundua. "Kokasi ya madini" ni jina kubwa lisilo na kazi ndani yake. Andika sentensi moja yenye mahali, kitu na mwenye kujibu. Kwa mfano: "Kufuatilia sehemu ya mrabaha wa madini inayopaswa kufika kwenye sekta na sheferi za teritwari ya Kambove." (Teritwari ni kama wilaya; sekta na sheferi, yaani utawala wa chifu, ni sehemu zake.)

Sentensi hiyo inafanya kazi kwa sababu ina hesabu nyuma yake. Sheria ya madini (Code minier) iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha, ile redevansi, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lililogatuliwa (kama sekta au sheferi) ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni ikilipa dola 1,000,000, basi 150,000 ni za eneo hilo. Sasa una la kuuliza: zilifika? Lini? Kwenye akaunti gani? Zimejenga nini?

Linganisha na "kokasi ya bei ya unga". Jambo linauma kila nyumba ya Lubumbashi, hilo hakuna anayelikataa. Lakini unga unategemea mahindi yanayovuka Kasumbalesa, na forodha ya mpakani ni huduma ya taifa. Kifungu cha 197 kinawapa wabunge wa jimbo uwezo wa kuisimamia serikali ya jimbo na huduma za umma za jimbo na za maeneo yake, basi. Kokasi ya unga itamaliza mwaka ikitoa matamko tu. Ukitaka kugusa barabara ya Kasumbalesa, tafuta kipande ambacho jimbo lina mkono nacho: maegesho ya malori ndani ya mji, kwa mfano, au taa za barabarani.

Hatua ya 2. Soma kanuni za ndani ukiwa na kalamu

Piga mstari chini ya mambo matatu: idadi ya watu inayotakiwa kuunda kundi rasmi la wabunge na jina linalotumika (ili usilitumie wewe), utaratibu wa maswali na muda wa kujibu, na masharti ya kutumia vyumba, mhuri na nembo ya Bunge. Saa mbili zinatosha.

Hatua ya 3. Tafuta watu wanne wa kwanza, wawili wawili

Wawili wa upande wa walio wengi, wawili wa upinzani au wasio na chama. Waendee ana kwa ana, mmoja mmoja, na ile sentensi yako mkononi. Usianze kwa kufungua kundi la WhatsApp: ujumbe wa kwanza utapigwa picha na kufika kwa gavana kabla ya jioni, ukiwa umekatwa maneno yanayouelezea.

Wanne wakikubali, ongezeni hadi kati ya 7 na 15. Chini ya 7, akisafiri mmoja na akiugua mwingine, mkutano haupo. Juu ya 15, watu wanaanza kuhutubia. Katika kuongeza, angalieni haya:

- Awepo angalau mtu mmoja kutoka tume inayoshughulikia jambo lenu, na mmoja wa tume ya fedha na uchumi.
- Mwalikeni mapema mmoja wa machifu wa kimila walioingia Bungeni kwa kooptasio, yaani bila kupigiwa kura na wananchi. Katiba inaruhusu wafike hadi sehemu ya kumi ya wabunge. Hawakuja kwa tiketi ya chama, kwa hiyo ni daraja zuri kati ya pande mbili, na kwa mambo ya ardhi na migodi wanajua mipaka ya vijiji kuliko ramani.
- Msiwachukue wajumbe wa biro, yaani uongozi wa Bunge (rais, makamu wake, rapota au mwandishi wa Bunge, rapota msaidizi, na kestea anayesimamia fedha) kama wanachama. Waalikeni kama wageni. Biro ndiyo itakayoamua hatima ya karatasi zenu, na haifai ijiandikie yenyewe.
- Msiwe wote wa asili moja au wa eneo moja. Katika mji wetu jambo hili ni la uzito wa pekee: kokasi ya watu wa kabila moja itaitwa mitualite (chama cha watu wa asili moja), na itatendewa kama mitualite.

Kila mmoja amwarifu mkuu wa kundi lake la chama mwenyewe, kwa mdomo, kabla ya mkutano wa kwanza. Asimwachie mwenzake kazi hiyo. Kiongozi wa chama husamehe karibu yote isipokuwa kupata habari ya mbunge wake kupitia redio.

Hatua ya 4. Andikeni ukurasa mmoja

Msiandike katiba ya kurasa kumi na mbili yenye makamu watano. Ukurasa mmoja, kama huu:

*"Sisi wabunge wa jimbo tuliotia sahihi hapa chini tunakutana kwa hiari ili kufuatilia (ile sentensi). Kila mmoja anabaki mwanachama wa chama chake na yuko huru katika kura yake. Kokasi haisemi kwa jina la Bunge wala kwa jina la chama. Tuna waratibu wawili, mmoja wa kila upande, na mwandishi mmoja. Uamuzi unachukuliwa kwa makubaliano ya wote waliopo. Jambo lisilokubaliwa linaachwa. Mkutano ni halali wakiwepo watano, wa pande zote mbili. Kokasi haikusanyi sahihi za mosio (hoja). Michango yote inaandikwa kwenye daftari lililo wazi kwa kila mwanachama. Ukurasa huu unakwisha tarehe (mwaka mmoja kuanzia leo)."*

Kila mstari hapo una sababu. Waratibu wawili wa pande mbili ni kinga dhidi ya kumezwa na upande mmoja. Uingereza, ambako makundi ya aina hii ni mengi, kanuni zao zinataka miongoni mwa viongozi wa kundi awepo wa chama kinachotawala na wa upinzani mkuu, na kundi liwe na wanachama wasiopungua 20. Hesabu yao ni ya Bunge kubwa, lakini wazo lenyewe linatufaa. Mstari wa kutosema kwa jina la Bunge ni uleule wanaoufuata wenzao wa Bunge la Ulaya. Na tarehe ya mwisho inasaidia kuzika kwa heshima kokasi iliyoishiwa kazi.

Mstari wa mosio tuutazame kwa karibu. Kwa Katiba, mosio ya kutokuwa na imani na waziri mmoja hupokelewa ikiwa na sahihi za sehemu ya kumi ya wabunge. Dhidi ya serikali nzima, robo. Katika Bunge la watu 40, sehemu ya kumi ni watu 4. Maana yake, kokasi yenu ya watu 9, siku ya kwanza tu, tayari ina sahihi za kumtikisa waziri. Gavana anaijua hesabu hiyo, na biro pia. Wasiposoma kwa maandishi kwamba kokasi si mashine ya mosio, watadhani ndiyo, na milango itafungwa bila mtu kuwaambia kwa nini. Mwanachama akitaka kutia sahihi mosio, ni haki yake. Atie kama mbunge, mahali pengine, siku nyingine, na karatasi isiwekwe kwenye meza ya kokasi hata dakika moja.

Hatua ya 5. Julisheni biro, msiombe

Barua iende kwa rais wa Bunge, na nakala kwa rapota. Aya mbili: mmekutana kwa hiari juu ya jambo fulani, na ukurasa wenu umeambatishwa. Mwisho ombeni kitu kimoja kidogo cha vitendo, kama chumba cha tume mara moja kwa mwezi. Msiandike "tunaomba ruhusa ya kuunda kokasi". Ukishaomba ruhusa, umempa mtu uwezo wa kukunyima kitu ambacho hakikuhitaji ruhusa yake.

Chapeni nakala 3. Moja inabaki sekretarieti, moja ni ya rapota, na ya tatu inarudi kwenu ikiwa na mhuri, tarehe, saa na sahihi ya aliyepokea, ile tunayoiita akize. Msaidizi asiondoke dirishani bila akize, hata akiambiwa "mwenye mhuri ametoka, rudi kesho". Akae asubiri, au arudi na barua zote 3 mkononi. Barua isiyo na akize, siku ya ugomvi, ni barua ambayo haikuandikwa.

Hatua ya 6. Mkutano wa kwanza: dakika 60

Dakika 10 za kusoma ukurasa na kutia sahihi. Dakika 25 za mtu mmoja anayejua jambo: afisa wa mapato, mwalimu wa chuo kikuu, mhasibu wa sekta. Dakika 20 za kugawana kazi. Dakika 5 za kupanga tarehe ijayo.

Mwaliko utumwe siku 5 kabla, na asubuhi ile ile msaidizi apige simu kwa kila mmoja. Chapeni karatasi zote mapema. Umeme ukikatika, projekta haisaidii kitu. Taarifa ya mkutano iwe jedwali la safu tatu: nani, afanye nini, hadi lini. Isizidi ukurasa mmoja, na isiandikwe nani alisema nini. Watu wa vyama tofauti husema ukweli pale tu wanapojua hautarudi kwao kama silaha.

Hatua ya 7. Pandeni ngazi kuanzia chini

Kokasi haina sahihi Bungeni. Kila karatasi inatiwa sahihi na mbunge kwa jina lake, mwingine wa upande wa pili akimuunga mkono. Anzeni na kilicho chepesi:

a) Swali la maandishi kwa waziri wa jimbo. Ulizeni namba na tarehe. "Serikali inafanya nini kuhusu mrabaha?" itajibiwa kwa hotuba. "Katika mwaka wa bajeti uliopita, ni kiasi gani kiliingia kwa kila sekta na sheferi ya Kambove, na tarehe gani?" itajibiwa kwa jedwali, au kwa kimya ambacho nacho ni jibu mnaloweza kulionyesha.

b) Kusikilizwa kwa wahusika mbele ya tume. Mwanachama wenu aliye katika tume ndiye anayependekeza.

c) Swali la mdomo, lenye mjadala au lisilo na mjadala.

d) Pendekezo la edi, yaani sheria ya jimbo. Hili huchukua miezi. Msilianze kabla ya (a) kuwapa takwimu.

e) Interpelasio, yaani kumwita waziri ajieleze rasmi mbele ya Bunge. Iacheni mwisho kabisa, maana baada yake waziri hatawapokea tena kwa chai.

Pangeni kwa kalenda. Sesheni ya Machi ni ya kuuliza na kukusanya majibu. Sesheni ya Septemba inamezwa na bajeti, hivyo mnachotaka kiingie kwenye edi ya bajeti lazima kiwe kimeandikwa na kuhesabiwa mapema, na mmekwisha kuzungumza na wizara ya bajeti ya jimbo kabla rasimu haijafika Bungeni. Mkiomba matumizi mapya, onyesheni kwenye karatasi ile ile pesa zitatolewa wapi. Ombi lisilo na chanzo cha pesa halipiti dakika tatu.

Hatua ya 8. Ziara moja, kabla ya kusema hadharani

Nendeni mahali penyewe watu 4, wawili wa kila upande, kwa gari moja. Magari mawili ya pande mbili hufika na taarifa mbili. Mjulisheni mkuu wa teritwari na chifu wa eneo kwa barua. Chukueni picha za vitu (kisima kisicho na pampu, ubao wa mradi, daftari la mapokezi ya pesa), msichukue za viongozi wakipeana mikono. Msigawe chochote: siku mtakapogawa sabuni, ziara imekuwa kampeni.

Hatua ya 9. Pesa

Matumizi ya kweli ni madogo: karatasi, fotokopi, maji, unite za simu, mafuta ya gari mara moja au mbili kwa mwaka. Mchango sawa kwa kila mwanachama, wa kila mwezi, unatosha. Pesa zikae kwa mtu asiye mratibu, na ukurasa wa daftari uwe na safu nne: tarehe, aliyetoa, kiasi, kilichonunuliwa. Risiti ibandikwe pembeni kwa gundi.

Msipokee pesa za kampuni mnayoifuatilia, hata kwa jina la "usafiri wa waheshimiwa". Wala za gavana. Shirika likitaka kusaidia, lilipe kitu moja kwa moja (chumba, mtaalamu, uchapishaji), liandikwe daftarini, na msilipane pa diyemu (posho ya siku) kwa mkutano wa saa moja ndani ya mji wenu wenyewe. Pa diyemu ya kwanza ndiyo huamua nani atakuja mkutano wa pili.

Mambo yakikwama

*Chama kimenikataza.* Omba katazo kwa maandishi. Mara nyingi halitakuja. Likija, jiondoe kwa barua fupi ya heshima na mpendekeze mwenzako wa chama hicho hicho achukue nafasi. Kokasi ikipoteza upande mmoja mzima, ni afadhali isimame kwa muda kuliko kuendelea ikiwa na sura ya chama kimoja.

*Biro imekaa kimya juu ya chumba.* Subirini siku 15, andikeni barua ya ukumbusho mkitaja tarehe ya akize, na huku mkutane kwingine. Msigeuze suala la chumba kuwa vita; siyo jambo mliloanzia.

*Mratibu ameteuliwa kuwa waziri wa jimbo.* Suplea wake (mbadala wake) anaingia Bungeni, lakini haingii kokasi moja kwa moja; anaalikwa na kusoma ukurasa kama mwingine yeyote. Mratibu mpya atoke upande ule ule. Na aliyeondoka asirudi mikutanoni, maana sasa yeye ndiye anayeulizwa.

*Mwanachama ametoa tamko redioni kwa jina la kokasi.* Waratibu wawili waandike mistari mitatu siku ile ile: maneno ni ya mheshimiwa binafsi, kokasi haijatoa tamko. Bila kumshambulia. Akirudia, jina lake liondolewe kwenye orodha.

*Waziri hajajibu swali.* Hesabuni siku kufuatana na kanuni za ndani, kisha lile swali la maandishi ligeuzwe swali la mdomo, na safari hii litiwe sahihi na mbunge wa upande wa waziri mwenyewe.

*Watu hawaji tena.* Angalieni jedwali la safu tatu. Mara nyingi utakuta kazi zote zina jina la mtu mmoja. Gaweni upya, au kama jambo lenyewe limekwisha kujibiwa, msingoje tarehe ya mwisho: andikeni kurasa mbili za mlichopata, mpeleke sekretarieti, mchukue akize, mfunge daftari.